Hana Alijua Kipimo cha Kanzu



Wiki hii inboksi yangu imejaa ujumbe wa wazazi walio na mtoto Gredi ya 10. Mama mmoja aliniandikia saa nane ya usiku akiuliza kama ni dhambi kutamani kwenda kumchukua mtoto na kumrudisha nyumbani. Nilianza kuwajibu mmoja mmoja, kisha nikaona kwamba najibu kama mchungaji huku nikificha nilivyojibeba kama baba. Kwa hivyo leo nitakuambia yaliyotokea nyumbani kwangu. Kijana wangu ameniruhusu, kwa sharti nisitaje jina lake wala la shule.

Wewe na mimi ndio wazazi wa kwanza kupita njia hii. Watoto hawa ndio darasa la kwanza kufanya mtihani wa KJSEA, na ndio waliofungua sekondari ya juu tarehe 12 Januari 2026. Wazee wetu kanisani wanakumbuka Fomu ya Tano na ya Sita, lakini mlango huo ulifungwa na mtihani wa mwisho wa 1989, baada ya 8-4-4 kuingia. Mimi niliingia Fomu ya Kwanza 1995 na sanduku la bati, na hakuna aliyeniuliza ninataka kuwa nani. Mambo ya kuchagua masomo yalingoja Fomu ya Tatu. Mtoto wa leo amechagua mkondo akiwa Gredi ya 9: STEM, au sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Anachukua masomo matatu ya mkondo wake juu ya yale ya lazima, na hayo matatu ndiyo yatakayofungua au kufunga milango baadaye. Ni mzigo kwa mtoto wa miaka 15.

Sasa sikiliza nilivyomwongezea wangu.

Mwaka jana wakati wa kuchagua alikuja na karatasi yake. Alikuwa ameandika Historia, Jiografia na Fasihi ya Kiingereza. Huyu ni kijana anayeweza kukusimulia safari za Paulo mji kwa mji, na ukimwachia ramani hutamwona mpaka jioni. Niliitazama ile karatasi nikamwambia, "Historia itakulisha nini?" Tukakaa mezani, nikaongea, yeye akanyamaza, na tulipoinuka karatasi ilisoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Nilisema tumekubaliana.

Matokeo ya Desemba yalikuwa mazuri, akaitwa shule nzuri ya bweni. Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni nikatoa ushuhuda. Mlikuwapo. Mlipiga makofi na vigelegele nilipotangaza kwamba Bwana ananiinulia daktari nyumbani kwangu. Yeye alikuwa kwenye kinanda. Nilimtazama nikaona ameinamisha kichwa, na nikadhani ni unyenyekevu.

Siku ya kuripoti niliwekea mikono sanduku na godoro na kijana mwenyewe, tukamwacha langoni, tukarudi Nakuru kwa matatu. Mama yake alilia njia nzima. Mimi nilikuwa naimba.

Jumatano ya wiki ya tatu, saa mbili usiku, mwalimu wa zamu akapiga simu. Kijana yuko katika zahanati ya shule kwa siku ya pili, tumbo linamsokota, muuguzi amempima na hakuona kitu. Akampa simu. Kijana akasema, "Baba, siwezi."

Mpendwa, maneno mawili tu. Na mimi, mtu wa miaka zaidi ya 15 katika huduma, mhitimu wa chuo cha Biblia, nikafungua mahubiri. Nilimpa Wafilipi 4, nikampa Daudi na Goliathi, nikakemea roho ya kushindwa, nikamwamuru akiri ushindi. Nilihubiri dakika kumi kwa simu ya mwalimu wa watu. Nilipomaliza kukawa kimya, kisha akasema, "Amina, Pastor."

Nyumbani haniiti Pastor. Hajawahi kuniita hivyo.

Nilipokata simu mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia, "Umemhubiria mtoto. Hukumuuliza kama amekula." Akaenda kulala.

Kesho yake nilikuwa naandaa somo la kina mama kutoka Samweli wa Kwanza. Hana nimemhubiri mara nyingi mno. Nimehubiri utasa wake, nadhiri yake, machozi yake ambayo Eli aliyadhania ni ulevi. Lakini huwa nafika pale anapomkabidhi mtoto Shilo, nasema haleluya, nafunga Biblia. Siku hiyo nikaendelea kusoma, na katika sura ya 2, mstari wa 19, nikakwama. Pale panatuambia kwamba kila mwaka Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo, akampelekea walipokwenda kutoa dhabihu.

Fikiria jambo hili kama mzazi. Samweli anaishi Shilo. Hana hamwoni asubuhi wala jioni. Anashonaje kanzu ya mtoto asiyemwona mwaka mzima? Kanzu ya mwaka jana haimtoshi tena. Ni lazima alipokwenda alimtazama sana: mabega yamefika wapi, mikono imerefuka kiasi gani. Na akirudi nyumbani alikaa akikisia, atakuwa amefika hapa, nimwongezee vidole viwili. Alikuwa amemtoa kwa Bwana kweli kweli, hakumchukua tena. Lakini hakuacha kujua kipimo chake.

Mimi nilikuwa nimemshonea kijana wangu kanzu kwa kipimo changu. Niseme kweli yote: ilikuwa kanzu niliyoitaka mimi 1998, nilipomaliza kidato na alama hazikutosha udaktari.

Nikageuza ukurasa, nikapata kichapo cha pili. Sura ya 3, Samweli anasikia sauti usiku, anakimbia kwa mtu mzima aliye karibu. Eli anamwambia nenda ukalale. Anarudi tena, anaambiwa akalale. Mara ya tatu ndipo mzee anaelewa kwamba kuna jambo. Namsifu Eli kwa ile mara ya tatu, na sura hiyo hunitisha kama mtumishi wa Mungu, kwa sababu huyo huyo aliyemsikia mtoto wa Hana alishindwa na wana wake mwenyewe. Lakini jiulize, je, Samweli angechoka baada ya mara ya kwanza? Wengi wa watoto wetu hawaji mara tatu. Wanakuja mara moja, wanaambiwa amini tu, wanasema Amina, Pastor.

Ijumaa niliomba ruhusa shuleni, Jumamosi nikaenda. Tulikaa kwenye nyasi chini ya mkaratusi. Nilikuwa nimeacha Biblia kwenye mkoba kwa makusudi, na nakuambia mkono ulinichezacheza. Nikamuuliza amekula nini asubuhi. Nikamuuliza nani analala kitanda cha chini. Saa nzima ya kwanza tuliongea habari za uji usio na sukari na kijana wa kitanda cha chini anayekoroma. Nilitaka kumkatiza mara kama sita.

Kisha ikaanza kutoka. Katika maabara wenzake wanaijua kila chupa kwa jina, kwa sababu walikotoka walikuwa na maabara, naye alisoma Gredi ya 7 hadi ya 9 katika shule ambayo maabara ilikuwa ni kabati moja. Ameona aibu kuuliza. Kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri, masomo ya jioni yanakwisha saa nne usiku, halafu anakaa macho. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema kwamba hataki mkondo huu. Akang'oa majani kidogo akasema, "Ulishawaambia kanisani."

Hapo ndipo nililia, na si kulia kwa maombi. Nilimwomba msamaha mwanangu. Nilimwambia nimekosea, bila kuongeza "lakini".

Tukaenda pamoja kwa naibu wa mwalimu mkuu. Akatueleza kwamba hapo shuleni masomo yale mengine yanafundishwa, nafasi ipo, na kama anataka kubadilisha aandike barua na mzazi atie sahihi, ila afanye haraka kabla wenzake hawajamwacha mbali. Nikamwambia kijana achukue siku mbili, na lolote atakaloamua nitatia sahihi. Jumatatu akapiga simu, ameamua kubadilisha. Nilitia sahihi. Sitakudanganya kwamba nilitia kwa furaha, mkono ulikuwa mzito kama jiwe. Na tumbo halikupona siku hiyo kama kwenye ushuhuda. Liliendelea kumsumbua wiki nyingine nzima, likapungua polepole. Bado halali vizuri kila usiku. Jumapili ile mlinisikia nikirekebisha ushuhuda wangu. Wachache hawakupenda, mmoja akaniambia mchungaji hapaswi kujishusha hivyo. Namheshimu, lakini mtoto wangu alishushwa madhabahuni, na hapo hapo ndipo palipofaa kumwinua.

Sasa wewe, mama, wewe, baba. Sisemi kila mtoto anayelia wiki ya tatu abadilishe mkondo. Wengine wamekumbuka nyumbani tu, na itapita. Mwingine anahitaji mwalimu wa Kemia amkalishe jioni mbili tatu. Ninachokuomba ni kupima kabla ya kushona. Simu ya kwanza ikija, sikiliza mpaka anyamaze mwenyewe, kisha hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufungua kinywa. Muulize maswali madogo. "Unaendeleaje na masomo?" utajibiwa "poa." "Nani anakaa karibu na wewe darasani?" utapata habari nzima. Lijue jina la mwalimu wa darasa na la matroni, na uwashukuru siku ambayo hakuna shida. Maombi omba, tena omba sana, ila mengine ya moto ombea chumbani kwako mlango umefungwa.

Wenye watoto wa kutwa msidhani haya hayawahusu. Mtoto anaingia saa kumi na mbili jioni amechoka, na kabla hajavua viatu tunamuuliza alama. Mpe chai kwanza. Akiwa anaosha vyombo ndipo atasema.

Hapa nitakaza sauti. Mtoto akikuambia anapigwa na wakubwa, au kuna mtu mzima anamshika vibaya, hapo usikae ukiomba kwa simu. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na ni kukopa nauli. Kuna namba ya bure ya kusaidia watoto, 116, inapigwa mahali popote Kenya. Iandike mtoto aijue. Na usimwambie asamehe kwanza ili aonekane ameokoka. Mlinde kwanza.

Najua pia kuna nyumba ambayo mtoto bado yuko sebuleni, sare imekunjwa, kwa sababu karo haijapatikana. Usijifiche ibada ya katikati ya wiki. Njoo unione au umwone mama mchungaji, kabla na wewe hujaanza kumwambia mtoto akiri tu.

Yule mama wa saa nane ya usiku, nimekujibu kwa kirefu namna hii kwa sababu nilipokujibu mara ya kwanza nilikutumia mistari mitatu na alama ya mikono ya maombi. Nisamehe. Si dhambi kutamani kumchukua. Piga simu shuleni asubuhi, omba kuongea naye, na umuulize amekula nini.

Baba yetu, uliyemtazama Samweli akikua mbali na mama yake, watazame hawa wetu usiku wa leo mabwenini. Aliye macho, mpe usingizi. Aliyeogopa kuuliza darasani, mfungulie kinywa. Na sisi tuliozoea kusema, tufunge vyetu kidogo. Katika jina la Yesu, amina.

Jumamosi ijayo ni siku ya kutembelea. Nimeshaletewa orodha kwa simu ya mwalimu: kandambili namba 43, maana zile za Januari ni 42 na zinambana, kufuli ya sanduku, sukari, atlasi. Na mwisho akasema, "Baba, usije na suti." Nimefungua kabati nikakuta karibu mashati yangu yote ni ya madhabahuni. Mama yake anatafuta.