Biskuti za Chai kwa Makala
Anayeoka biskuti Butembo asijisifu mpaka azioke Beni. Kati ya miji hii kuna kilomita zipatazo 55 tu, lakini Butembo iko juu, mita 1,700 na zaidi, kwenye baridi ya vilima vya Lubero. Beni iko chini, mita 1,100 hivi, kwenye joto na unyevu wa msitu. Mdogo wangu ameolewa huko. Nilimpa vipimo vyangu vyote, jioni akanipigia simu: "Yaya, zimelala!" Zilikuwa zimetandaa sinia nzima, zikashikana.

Vipimo havikuwa na kosa: unga wa ngano nusu kilo, sukari gramu 200, margarini gramu 200, mayai 2, maziwa vijiko vichache, chumvi kidogo, kungumanga ya kukwaruza. Kilichomponza ni margarini. Butembo asubuhi ni ngumu, sharti uisogeze karibu na mbabula ndipo ikubali kupigwa na sukari. Beni imeshalegea kabla hujafungua kopo. Donge likiingia motoni vuguvugu, mafuta hukimbia kabla unga haujashika. Siku hizi anakanda jua halijapanda, analitumbukiza bakuli la donge kwenye beseni la maji baridi kwa saa nzima, ndipo anakata. Bekingi pauda nayo, yeye anatia vijiko 2 vya chai, mimi kimoja na nusu. Huku juu hewa ni nyepesi, donge huvimba upesi, na lililovimba upesi hubonyea likipoa.

Tanuri sina. Nina sufuria nzito, mchanga mkavu chini, sinia juu ya kopo tupu, na mfuniko wa bati unaobeba makala. Makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Wengi hufanya kinyume, wakatoa biskuti nyeusi tumboni na nyeupe usoni. Kuujua moto nanyunyiza unga kidogo kwenye sinia tupu: ukigeuka kahawia kabla sijamaliza Baba Yetu, napunguza makala. Dakika 12 hadi 15 zinatosha. Kingo zikipata rangi, toa, hata kama katikati bado ni laini.

Unga mwingi hutufikia kwa njia ya Kasindi, mpakani na Uganda. Mashambulizi yakizuia magari barabara ya Beni, bei hupanda. Hapo napunguza ukubwa wa biskuti, margarini siigusi. Wapo wanaopunguza margarini na kujazia maji. Hizo ni za kutupia mbwa.

Linalonikera ni vanila. Inalimwa upande wa Beni, kama kakao, na karibu yote inakwenda kuuzwa ng'ambo, halafu sisi dukani tunauziwa kichupa cha harufu ya kiwandani. Mdogo wangu alipata ganda moja kwa mkulima jirani, akalipasua na kulifukia kwenye kopo la sukari. Sukari hiyo tunaigawana. Siku nikiwa nayo, kungumanga sitii.

Zipoe kabisa kabla ya kuingia koponi. Zikiingia na joto, kesho zimelegea. Kule Beni, hata zikifunikwa vizuri, unyevu huziwahi baada ya siku chache. Kwangu hukaa wiki mbili, watoto wasipojua kopo liko wapi.