Ukili wa Shangazi na Ile Dawa Nyekundu

Muhula uliopita nilipangiwa mada ya semina ambayo sikuiomba: matumizi ya nanoteknolojia ya DNA katika tiba. Wenzangu walipata malaria, kisukari, selimundu, yaani vitu ambavyo hata abiria mwenzako kwenye daladala anaweza kukuchangia mawili matatu. Mimi ilibidi nikae kimbwetani siku tatu ndipo nielewe hata kichwa cha mada.

Wakati huo nilikuwa naishi nyumbani, na nyumbani alikuwepo shangazi yangu. Alitoka Bagamoyo kuja Dar kutibiwa saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu nilimsindikiza hospitali kuchomwa dawa, na kati ya dawa zile ilikuwepo moja nyekundu kama juisi ya rosela. Inaitwa doksorubisini. Yeye aliiita "ile nyekundu", tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mdai wake. Ikishaingia mwilini hata mkojo hubadilika rangi. Nywele zilimtoka zote, mdomo ukajaa vidonda, na harufu ya wali wa nazi, ambao ndio chakula chake, ikawa inamkimbiza jikoni.

Darasani tulishafundishwa sababu. Dawa ile hujipenyeza katikati ya vidato vya ngazi ya DNA, seli ikashindwa kugawanyika. Tatizo ni kwamba haiulizi seli ni ya nani. Seli za saratani hugawanyika haraka, lakini za mashina ya nywele na za mdomoni nazo ni hivyohivyo. Zote zinapigwa.

Jioni moja nilimkuta barazani anashona mkeka. Nikamwuliza kwa nini hausuki wote kwa mkupuo. Akanicheka. "Wewe mtoto wa Bagamoyo gani? Kwanza unasuka ukili, utepe mmoja mrefu. Halafu unauzungusha, unaushona ukingo kwa ukingo. Mkeka ni ukili uliokunjwa ukashikwa."

Jamani, pale pale mada yangu ikaniingia. Mwaka 2006 mwanasayansi Paul Rothemund, huko California, alichukua uzi mmoja mrefu wa DNA kutoka kwa virusi anayeshambulia bakteria, uzi wenye herufi zaidi ya 7,000. Akauongezea nyuzi fupi zaidi ya 200. Kila uzi mfupi umeandikwa ili ushike sehemu mbili tatu za ule mrefu na kuzivuta pamoja, kama mshono wa shangazi. Unavichanganya kwenye maji yenye chumvi, unavipasha moto, unaviacha vipoe taratibu, vinajikunja vyenyewe, kwa sababu A hushika T na G hushika C. Alitengeneza nyota na nyuso zinazocheka, zenye upana wa nanomita 100 hivi. Milimita moja ina nanomita milioni moja, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe.

Basi kichwa kikavimba. Nikaanza kumwaga sera. Nikamweleza shangazi kuhusu kijipipa cha DNA kilichotengenezwa Harvard na kutangazwa mwaka 2012: kina kufuli mbili, na hakifunguki mpaka kikutane na seli yenye funguo zote mbili. Nikamweleza kuhusu watafiti wa China na Marekani ambao mwaka 2018 walitangaza kwamba wamekunja karatasi ya DNA ikawa mrija, wakaficha ndani yake thrombini, protini inayogandisha damu. Mrija ukifika kwenye mishipa inayolisha uvimbe wa saratani, unafunguka, damu inaganda humo, uvimbe unakosa chakula. Nikamwambia wapo hata waliojaribu kuipakia ile nyekundu yenyewe ndani ya vyombo vya DNA, maana kwa tabia yake ya kujipenyeza kwenye DNA inakaa humo vizuri. Nikaviita roboti. Neno lile nililipenda sana.

Shangazi alisikiliza, sindano imesimama mkononi. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Basi ile nyekundu mimi siiendei tena. Nitangoja hii ya kwenu."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Siku mbili kabla ya tarehe ya dawa nikamkuta anafunga mzigo. Anarudi Bagamoyo.

Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya matokeo. Nilikaa chini kwenye mkeka wake ambao haujaisha.

"Shangazi, nisamehe. Nilikueleza nusu."

"Nusu ipi?"

Nikamweleza nusu ya pili. Kwamba kijipipa kile kilijaribiwa kwenye seli za maabara. Kwamba ule mrija ulizuia uvimbe kukua kwa panya, na nguruwe waliochomwa walichunguzwa tu kama utawadhuru. Kwamba ndani ya damu yetu mna vimeng'enya vinavyokata DNA ngeni kama mchwa kwenye mkeka. Kwamba vyombo hivi vinahitaji magnesi nyingi kuliko iliyomo kwenye damu ili visifumuke, kwamba ini na figo huviondoa upesi, na kwamba kinga ya mwili inaweza kuviona ni adui. Kwamba kuvitengeneza vya kumtosha mtu mzima, siyo panya, ni gharama kubwa. Hakuna hospitali ya kwenda kuviomba.

Alinyamaza kitambo. "Huyo aliyeanza, alianza lini?"

"Mwaka 1980, shangazi. Profesa mmoja, Nadrian Seeman. Alikuwa baa karibu na chuo chake, akakumbuka mchoro wa samaki waliojipanga safu kwa safu, akawaza kuwa DNA nayo inaweza kupangwa vile."

"Toka mwaka huo mpaka leo bado wanasuka?"

"Bado wanasuka."

Akaanza kutoa khanga kwenye mfuko, moja moja. "Haya. Keshokutwa uniamshe mapema. Foleni ya pale unaijua."

Siku ya semina niliprezenti vizuri tu. Ila ile slaidi ya vikwazo, ambayo kwanza niliiweka mwisho ili muda ukiisha ipite, niliihamishia mwanzo. Mwalimu akauliza mbona naanza na matatizo. Nikamjibu kwamba nina mgonjwa nyumbani. Hakuuliza zaidi.

Shangazi alimaliza mizunguko yake, akafanyiwa upasuaji, na sasa yuko Bagamoyo, anakuja kliniki kwa tarehe. Nywele zimeota, laini kama za mtoto. Mkeka ule ninaulalia mimi.

Bado naipenda mada ile, na Mungu akipenda nitaisomea zaidi, maana naamini iko siku dawa kama ile nyekundu itapelekwa kwenye mlango wa mgonjwa tu, isiwapigie hodi majirani. Lakini wenzangu tunaosoma sayansi, tukifika nyumbani tuchunge midomo. Sisi tunaona tumesimulia makala tuliyoisoma. Wao wanasikia daktari amesema, na wanaanza kufunga mizigo.