Mwaka Mmoja Newport, Mji wa Wahamishwa

Msomaji, ukitoka London kwa gari moshi na kushika njia ya magharibi, baada ya muda wapita chini ya mto Severn, ndani ya shimo lenye urefu wa maili nne na zaidi. Shimo hilo lilifunguliwa mwaka 1886. Ukitoka gizani umekwisha kuingia nchi ya Welisi, na mji mkubwa wa kwanza ni Newport. Abiria wengi hawashuki hapo. Waendelea mpaka Cardiff, mji mkuu, ambao hauko mbali. Mimi nilishuka, maana masomo yangu yalikuwa Newport, na nikakaa huko toka Agosti 2023 hata Agosti 2024.

Kwa mara ya kwanza mji haukunipendeza. Mto wao, Usk, wapita katikati, na maji ya bahari yakitoka, kingo zote mbili hubaki tope tupu la rangi ya kijivu. Mvua hunyesha bila haraka, kama mtu asiye na kwake. Zamani bandari hii ilipeleka makaa ya mawe duniani kote. Mwaka 1962 kilifunguliwa kiwanda kikubwa cha chuma cha Llanwern, lakini kazi ya kuyeyusha chuma ikakoma mwaka 2001, na watu wengi wakatafuta riziki nyingine.

Jirani yangu alikuwa mmoja wao, mzee wa miaka sabini, mjane, akikaa na bintiye ambaye ni mwalimu. Siku ya pili tu mzee alinigongea mlango, akaniuliza, "Bwana, wewe wapenda mpira?" Nikajibu kwamba kwetu nani asiyeupenda. Akafurahi, akasema, "Basi, Jumamosi twende."

Kumbe nilikuwa nimeingia katika mapatano ya nyumba ile. Tangu mama wa nyumba alipofariki, baba na binti walikuwa wakipishana mlangoni tu. Baba alikuwa mtu wa kiwanjani, binti mtu wa muziki wa roki. Mwaka ule waliahidiana kwamba baba akienda mpirani, binti atamfuata. Na binti akienda kwenye bendi zake, baba atamfuata. Mimi nikawa mtu wa tatu.

KIWANJA CHA KANDO YA MTO

Kiwanja chaitwa Rodney Parade, nacho kiko ukingoni mwa Usk, karibu sana na daraja la mjini. Miongoni mwa watumiaji wake ni timu ya mpira wa miguu ya Newport County na timu ya raga ya Dragons. Nyasi zile hazipati likizo.

Mzee hapiti pale bila kutaja tarehe 30 Oktoba 1963. Siku hiyo timu ya raga ya Newport iliishinda New Zealand 3 kwa 0, na kushindwa huko kulikuwa kwa pekee kwa wageni wale katika safari yao yote. Pointi zile tatu zilitokana na teke moja la kijana John Uzzell. Mzee alikuwa mtoto mdogo, lakini alinionyesha mahali pa goli lile kana kwamba lilifungwa jana.

Lakini moyo wake uko kwa County. Mashabiki wake hujiita Wahamishwa, nami nilimwuliza sababu. Hapo akapunguza mwendo, akanieleza habari yenyewe.

Mwezi Machi 1981 County, timu ya mji huu mdogo, ilifika robo fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, ikatolewa na Carl Zeiss Jena ya Ujerumani Mashariki kwa bao moja tu. Mwaka 1988 ikashuka na kutoka katika Ligi. Tarehe 27 Februari 1989, kwa sababu ya deni la pauni 330,000, klabu ikafungwa kabisa. "Siku ile," mzee alisema, "nilirudi kutoka zamu nikakuta mke wangu amekaa jikoni na gazeti. Hakuniambia neno. Alinipa tu nisome."

Mashabiki hawakukubali. Mwaka ule ule walianzisha klabu mpya, lakini haikupata kiwanja mjini kwao. Wakaenda kuchezea Moreton-in-Marsh, ndani ya Uingereza, mwendo wa maili zaidi ya sabini. Huko ndiko lilikotoka jina la Wahamishwa. Kila mchezo wa nyumbani ulikuwa safari. Mzee na mkewe walikwenda wakiwa na chai katika chupa na mtoto wao amelala kiti cha nyuma. Ilipofika tarehe 5 Mei 2013, katika kiwanja cha Wembley, County iliishinda Wrexham 2 kwa 0, ikarudi katika Ligi baada ya miaka 25. Mwaka 2015 chama cha mashabiki kikaichukua klabu iwe mali yao.

Mimi kazi yangu nyumbani ni karani, nimezoea daftari za michango midogo midogo. Niliposikia hayo nilielewa mara moja. Watu hawa hawakuwa na tajiri. Walikuwa na orodha ya majina tu.

CHUMBA CHENYE MAKELELE

Zamu ya binti ilifika mwezi Septemba. Alitupeleka Le Pub, katika High Street. Ni mahali padogo, jukwaa liko karibu hata waweza kumwona mpiga ngoma akijipangusa jasho. Bendi ilipoanza niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Mzee alikuwa amejitayarisha kwa pamba katika kila sikio. Baada ya nyimbo tatu alinong'ona kwa sauti kubwa, "Wanajua kazi yao, ila hawajui kupumzika!" Watu wakacheka, na mpiga gitaa naye akacheka.

Binti alitueleza kwamba zamani mahali pa roki mjini palikuwa TJ's, katika Clarence Place, hatua chache tu kutoka Rodney Parade. Mwenyewe aliitwa John Sicolo. Bendi nyingi zilipita pale kabla ya kujulikana, hata Oasis mwaka 1994. Sicolo alifariki mwaka 2010, na milango ikafungwa. Na kabla ya hapo, mwaka 1973 na 1974, aliishi mjini kijana aliyekuja kujulikana baadaye kwa jina la Joe Strummer, mwimbaji wa The Clash. Alipata kazi ya kuchimba makaburi katika makaburi ya St Woolos, na usiku alipiga gitaa. Mzee hakuwa na habari hiyo. Mkewe amezikwa huko huko. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi huyo nitamsikiliza."

TJ's ilipokufa na mwenyewe, vijana walijifunza. Le Pub iliwekwa katika mikono ya watu wengi, wapenzi wa muziki wakachanga wakanunua hisa. "Mtu mmoja akifa au akichoka," binti alisema, "nyumba haifi naye."

KURA

Maneno hayo ndiyo yaliyoleta ugomvi. Mwaka ule ule wa 2023 klabu ya County ilikuwa ikipata hasara, na michango ya mashabiki haikutosha tena. Akatokea Huw Jenkins, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Swansea City, akataka kununua zaidi ya nusu ya hisa. Wanachama wakaitwa kupiga kura.

Binti alimwambia babaye waziwazi, "Baba, mlisafiri kwenda Moreton katika mvua ili timu iwe yenu. Sasa mwaiuza?" Mzee akamjibu, "Mwanangu, nimekwisha kuiona ikizikwa mara moja. Sitaki kuiona tena eti kwa sababu ya heshima yangu." Walilala bila kuagana. Mimi nilijifanya nasoma.

Mzee alipiga kura ya ndiyo, na wanachama walio wengi kadhalika. Mwezi Januari 2024 klabu ikapata mkubwa mpya, ingawa chama cha mashabiki kilibaki na sehemu yake. Nilimwona mzee siku ile akikunja skafu yake ya njano na nyeusi taratibu sana, kama mtu anayekunja nguo za msafiri.

WAGENI WAKUBWA

Hata ikafika Jumapili tarehe 28 Januari 2024. Katika Kombe la FA, Manchester United ilikuja Rodney Parade. Mji mzima ulikuwa barabarani. Binti alisema haendi, kisha nikamkuta mlangoni amevaa koti, anatusubiri.

Kabla ya dakika kumi na tano wageni walikuwa na mabao mawili. Mzee alitazama viatu vyake. Lakini katika dakika ya 36 Bryn Morris alipiga mpira kutoka mbali, ukamgusa mtu ukaingia. Mara tu baada ya mapumziko Will Evans akasawazisha. Evans huyu kabla ya kujiunga na County mwaka 2022 alikuwa mkulima shambani kwa wazazi wake. Bwana we! Sijapata kusikia sauti kama ile. Binti mpenda roki alipiga kelele kuliko bendi zake zote, akamkumbatia babaye, na kofia ya mzee ikaanguka, hatukuipata tena.

Mwisho wake United walishinda 4 kwa 2. Lakini hakuna aliyeondoka. Watu walisimama wakapiga makofi mpaka mchezaji wa mwisho alipoingia ndani. Tulipokuwa tukivuka daraja binti alisema, "Bado nasema mlikosea." Mzee akajibu, "Huenda." Wakashikana mikono wakaendelea.

MWAKA WA KUSHINDWA

Mwezi Februari ulikuwa wa raga. Tulikaa mbele ya televisheni, maana tikiti za Cardiff hazipatikani kwa urahisi. Tarehe 3 Februari Welisi ilikuwa nyuma ya Uskoti 27 kwa 0. Ikafufuka, ikapata pointi 26 mfululizo, ikashindwa kwa pointi moja! Mashindano yale ya Mataifa Sita Welisi ilishindwa michezo yote mitano, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 2003. Mzee alitazama yote mitano hata mwisho. Nilimwuliza kwa nini asizime. Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Wewe mgonjwa wako ukimwona amezidiwa, waondoka?"

Wakati wa masika binti alitupeleka Blackwood, katika bonde la makaa ya mawe kaskazini ya Newport. Huko ndiko walikotoka Manic Street Preachers, bendi anayoipenda kuliko zote. Walikuwa vijana wanne waliosoma pamoja. Mmoja wao, Richey Edwards, alitoweka tarehe 1 Februari 1995, wala hakuonekana tena. Waliobaki waliendelea, na mwaka uliofuata wakatoa wimbo A Design for Life, unaosifu maktaba na heshima ya watu wa kazi. Mwaka 2009 ndio walioalikwa kufungua maktaba kuu ya Cardiff.

Tulisimama mbele ya jumba liitwalo Blackwood Miners' Institute, lililojengwa mwaka 1925. Wachimba makaa walilijenga kwa senti zilizokatwa katika mishahara yao, wapate mahali pa kusoma na kuburudika. Migodi imekwisha, lakini jumba bado lafanya kazi, na muziki wapigwa ndani. Mzee alipapasa ukuta kwa kiganja. "Hawa nao walichanga," alisema. Binti hakujibu, lakini nilimwona akimtazama babaye kwa namna nyingine.

MAJI YALE YALE

Mwezi Agosti, siku chache kabla ya safari yangu ya kurudi, tulikwenda Green Man, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2003. Lafanyika karibu na Crickhowell, chini ya milima, watu wakilala katika mahema. Mzee alileta kiti chake cha kukunja na pamba yake. Jioni alikwenda kuosha miguu mtoni, nasi tukamfuata. Maji yalikuwa safi, yakipita juu ya mawe.

"Mwajua huu ni mto gani?" akatuuliza. Ulikuwa Usk, ule ule wa tope la Newport. Unapita kando ya tamasha, kisha washuka taratibu mpaka Rodney Parade.

Binti alikaa kando yake, akatoa mfukoni karatasi. Ilikuwa tikiti ya msimu mpya, kiti cha pembeni mwa kiti cha babaye. Kiti hicho kilikuwa cha mama, na tangu kifo chake kilikuwa kikikaliwa na wageni. Mzee aliisoma mara mbili, akaniuliza mimi kama jina limeandikwa sawasawa. Nikamwambia ndiyo, limeandikwa sawasawa.