Wageni Walipokuja Busia



Sisi ni watu wa Mombasa, na huu ni mwaka wa nne tangu kazi ya forodha ituhamishie Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Nchi ni moja, lakini ugeni ni ugeni. Hapa hakuna upepo wa bahari, na majirani huzungumza Kiteso, Kiluhya na Kijaluo. Miaka yote hiyo tumeishi kama abiria wanaongoja gari kituoni. Yako masanduku mawili tuliyokuja nayo ambayo hatukuyafungua, kwa kuwa kila mwaka tulisema, "Inshallah mwakani tutarudi."

Mwezi uliopita rafiki zetu wa tangu utotoni, mume na mke na watoto wao watatu, walituarifu kwamba wanakuja kututazama kwa siku mbili. "Mtutembeze," walisema. Tukatazamana. Tungewatembeza wapi, nasi tulijua njia ya sokoni, ya msikitini na ya kazini tu?

Ikabidi tumwendee Mama jirani. Yeye ni Mteso, Mkristo, na baina ya nyumba yake na yetu pana ua mfupi tu. Mwaka wetu wa kwanza, mwanetu aliposhikwa na malaria usiku wa manane, ni yeye aliyetutafutia usafiri hadi hospitalini. Tulimshukuru, tukampelekea sahani ya mahamri, kisha tukarudi ndani tukafunga mlango. Mara tatu alitualika kwake, na mara tatu tulitoa udhuru. Tulihofia chakula chake, na pombe tuliyodhani haikosekani kwake. Hatukuuliza. Safari hii tulimwendea kwa haya, naye akacheka: "Jumamosi zungukeni mjini. Jumapili nitawapeleka kwetu."

Wageni waliwasili Ijumaa baada ya Isha, wamebeba halua, achari na nazi kumi. Jumamosi asubuhi tukaanzia mpakani. Tuliwaonyesha kituo cha pamoja kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili mwezi Februari 2018, ambapo msafiri huhudumiwa na maofisa wa Kenya na wa Uganda chini ya paa moja, upande ule anaoingia. Watoto walifurahi zaidi kusikia asili ya neno bodaboda. Husimuliwa kwamba zamani waendesha baiskeli wa hapa, wakivusha watu na mizigo baina ya vituo viwili, waliwaita wateja kwa kelele: "Boda! Boda!" Yaani, mpakani hadi mpakani. Leo neno hilo limefika hadi vichochoro vya Mji wa Kale.

Kina mama tuliingia sokoni, na waume wakachoka kutungoja kwenye vitenge. Alasiri tukashuka Sio Port kuutazama ufuo wa Ziwa Victoria. Mtoto mdogo wa wageni alionja maji, akashangaa: "Bahari hii haina chumvi!"

Jumapili tuliondoka mapema pamoja na Mama jirani. Kutoka Busia hadi Malaba ni kilomita 30 hivi, na kabla ya kuuona mji tuliiona foleni ya malori, yamesimama moja nyuma ya jingine, mengi yakiwa na makontena yaliyoteremshwa Kilindini. Reli nayo hupita Malaba. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu mwaka 1901, kisha njia ya kupitia Eldoret na Malaba ikafika Kampala mwaka 1931. Mgeni wetu akasema, "Kumbe nyinyi hamko mbali. Mko mwisho wa barabara yetu." Hatukuwahi kulifikiria hivyo.

Kutoka hapo Mama jirani alituongoza hadi Kakapel, kwenye jabali lenye michoro ya kale ya wanyama na maumbo ya duara, ambalo leo ni turathi ya taifa. Chini ya jabali hilo watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao walichimba, na mwaka 1924 ulipotimiza karne moja, yaani 2024, wakatangaza kwamba walipata punje ya kunde yenye umri wa miaka 2,300 hivi, pamoja na wimbi la zaidi ya miaka 1,000. Kunde! Kunde hizi hizi tunazozipika kwa tui zililiwa hapa kabla ya kujengwa msikiti wowote pwani. Mama jirani alitusikiliza tukistaajabu, akasema kwa upole, "Bibi yangu alizipanda hapo ng'ambo."

Adhuhuri ilitukuta kwa mamake. Tulikuwa tumejiandaa kutoa udhuru wetu wa kawaida. Lakini mkeka ulikuwa umekwisha tandikwa chini ya mwembe, umeelekezwa kaskazini, upande wa Mlima Elgon, na birika la maji liko kando. Kwa miaka minne alikuwa ametuona tukisali uani, akaijua kibla chetu. Kisha akatueleza: kuku wamechinjwa na kijana Mwislamu aliyeagizwa kutoka msikiti wa Malaba, sufuria zimenunuliwa jana, na pombe haijaingia katika boma lile tangu babake alipookoka. Tukala ugali wa wimbi, kuku, na majani ya kunde.

Tulipokuwa tukila, mtoto wa wageni aliuliza kwa sauti, "Mama, huyu bibi anaitwa nani?"

Hatukujibu. Hatukulijua jina lake. Yeye alikuwa amejifunza chakula chetu, sala yetu na nyakati zetu, nasi kwa miaka minne hatukumuuliza hata jina. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alieleza kwamba Jibrili alimhimiza mno juu ya jirani hata akadhani atamrithisha. Mafundisho hayo tuliyahifadhi chuoni tukiwa wadogo. Mama jirani ndiye aliyelijibu swali la mtoto, akitabasamu. Jina lake sasa tunalijua. Hatuliandiki hapa kwa kuwa hatukumwomba ruhusa.

Usiku ule wageni walipanda basi. Nazi tano tulimpelekea Mama jirani, naye akaigeuzageuza moja mkononi akiuliza huvunjwa vipi. Tukamwambia aje Ijumaa tumwonyeshe, yeye na wanawe, na kunde alete yeye.

Alhamisi jioni tukaitafuta mbuzi ya kukunia nazi nyumba nzima. Ilikuwa ndani ya sanduku moja katika yale mawili. Tukalifungua, na vilivyomo vyote tukavitoa tukavipanga kabatini.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitimiza haki za majirani zetu, popote alipotuweka. Amin.