Gofu, ukoka na maji ya nyumbani kwetu

Najua nimepotea, msininunie. Wiki mbili hizi ilikuwa testi juu ya testi, na hali ya boom mnaijua wenyewe. Leo nimepata kimbweta chenye kivuli nikasema ngoja niwalipe deni.

Rumeti wangu hachoki kuniuliza: wewe mtoto wa Morogoro, gofu hujawahi kucheza hata siku moja, inakuwaje unaangalia gofu kwenye simu mpaka bando linakata? Jibu ni kwamba mi siangalii mpira, naangalia uwanja. Na uwanja huo ulinitia aibu kubwa kwa jirani yetu, halafu ukanisaidia kuifuta.

Nilipomaliza form six nikawa nakaa tu nasubiri chuo, mjomba akanichukua tukawe tunakwenda naye kazini. Anakata nyasi kwenye uwanja wa gofu. Mi nilidhani kiwanja cha gofu ni nyasi nyingi na vishimo vyenye bendera, basi. Siku ya kwanza tu mvua ikatunyeshea. Nikakimbilia bandani, mjomba akaniita: "Mjomba, njoo huku. Uwanja unaonekana wakati wa mvua." Nikatoka huku nanung'unika. Kumbe pale bendera ilipo, ambapo mi niliona tambarare kama meza, kuna mteremko kidogo sana, na maji yanaondoka pande mbili tatu bila kelele. Hakuna dimbwi wala mtaro. Aliyepanga ile ardhi alijua tone litaangukia wapi na litatokea wapi.

Toka siku hiyo nikaanza kusoma. Kuna bwana mmoja Mwingereza, Alister MacKenzie, alikuwa daktari. Alikwenda na jeshi kwenye vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, akaona jinsi Makaburu walivyojua kuficha mahandaki yao yaonekane kama ardhi ya kawaida. Aliporudi kwao akaitumia akili ile kwenye viwanja vya gofu: unachokijenga kionekane kama kilikuwepo toka zamani. Mwaka 1920 akatoa kitabu kuhusu kazi hiyo. Ndiye aliyechora Augusta National kule Marekani akishirikiana na Bobby Jones, mahali palipokuwa zamani kitalu cha miche. Uwanja ulifunguliwa 1933, yeye akafariki Januari 1934, miezi miwili kabla ya mashindano ya kwanza ya pale.

Kingine kilichonichekesha: zile nyasi zinazosifiwa kwenye viwanja vya nchi za joto, nyingi ni ukoka! Ukoka huu huu ambao mama anaung'oa bustanini kila Jumamosi huku anaulaani. Marekani walitoa aina moja maarufu sana mwaka 1960, ambayo ni mchanganyiko wa ukoka na ndugu yake wa Afrika Kusini. Nilimwambia mama, akasema kama Wamarekani wanautaka waje wachukue, hatawadai.

Sasa tuje kwenye aibu yangu. Nyumbani kwetu ni Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Mvua ikinyesha mlimani, maji yanashuka yanapita uani kwetu. Miaka na miaka yamekula udongo mpaka msingi wa nyuma ukaanza kuonekana mawe. Mama alikuwa anadunduliza hela ya saruji ili uwanja wote usakafiwe. Fundi alikuja akapiga hesabu ya mifuko 30, na hapo bado mchanga, kokoto na ufundi wake.

Likizo ya 2023 nikajifanya mtaalamu. Nikamwambia mama aiweke hela yake, kazi hiyo naiweza. Nikachukua jembe na sururu, nikachimba mtaro mmoja wa nguvu, umenyooka kama rula, toka nyuma ya nyumba mpaka mpakani. Nikapiga na picha. Wiki chache baadaye vuli ikaingia, ile ya El Nino. Usiku mmoja tu maji yote yakaingia kwenye mtaro wangu, yakaenda kwa kasi, yakapita mpakani moja kwa moja hadi jikoni kwa mama jirani. Mkaa wake ukalowa, unga ukalowa, jiko la udongo likameguka. Alfajiri akaja kusimama mlangoni kwetu, hata hakupandisha sauti. "Mwanangu, umesoma mpaka chuo kikuu ili uniletee mto jikoni?"

Jamani. Huyu ndiye aliyekuwa anatulisha mama akiwa amelazwa. Mama yangu akaomba radhi kwa niaba yangu, akatoa gunia la mkaa na unga kwenye ile ile hela ya saruji. Mi nilitamani ardhi ipasuke.

Mjomba alipokuja nikadhani atanicheka. Akauliza tu: "Ulisimama kwenye mvua kabla ya kuchimba?" Sikusimama. Nilikuwa nimesoma habari za MacKenzie lakini uani kwetu penyewe sikupasoma.

Tukaanza upya. Tulingoja mvua, tukasimama nje na miavuli mibovu, tukachomeka vijiti kila maji yalipopita. Tukaazima mpira wa maji wa fundi kupimia usawa. Mtaro wa rula tukaufukia. Badala yake tukatengeneza bonde pana lisilo na kina, unaweza kulivuka na ndoo kichwani usijikwae. Likakata mteremko kwa ubavu, mwinuko wake mdogo sana, maji yawe yanatembea na siyo kukimbia. Mwisho wake tukaupeleka kwenye migomba yetu, tukachimba shimo kubwa tukalijaza mawe ili maji yazame humo. Ukingoni tukapanda vetiva, mizizi yake inashuka chini zaidi ya mita 2. Kwenye msingi tukarudisha udongo, tukaushindilia, tukaulaza utoke nje: sentimita 15 kwa kila mita 3. Halafu tukaweka ukoka kote. Ndiyo, mama aliupanda kwa mkono wake, akiangalia pembeni.

Masika ya 2024 nilikuwa huku Dar, silali. Kila mvua napiga simu. Siku moja akapokea mama jirani mwenyewe, walikuwa wamekaa pamoja kwetu. Akasema, "Jikoni kwangu pakavu. Ila migomba yenu sasa imenenepa, nitakuja kuchukua mkungu." Nikajua nimesamehewa.

Toka hapo macho yangu yameharibika. Hapa chuoni nikiona njia ya mkato iliyokanyagwa kwenye majani, silaumu watu, najua njia ya zege iliwekwa sipo. Na kwenye TP ya 2024 nilipopewa kidato cha pili, nilikumbuka kanuni moja ya MacKenzie: mchezaji dhaifu awepo na njia yake, hata kama itamgharimu pigo moja zaidi, na mwenye uwezo apate ya kujaribu. Mwanzoni maswali yangu yalikuwa kama mtaro ule wa rula, ukikosa hatua ya kwanza umezama. Nikaanza kuweka maswali yenye milango miwili. Kuna binti wa nyuma kabisa alikuwa hafungui mdomo, akapita ule mlango mrefu, akafika. Alichelewa, lakini alifika.

Gofu bado sichezi, fimbo zenyewe ni bei mbaya. Ila nikifika kwa mtu siku hizi, kabla sijasifia maua nauliza maji yanatokea wapi na yanaishia kwa nani. Hilo la pili ndilo nililosahau mimi.

Naishia hapa, simu ina asilimia 9 na semina ni saa nane. Wewe je, kwenu maji yanaishia kwa nani? Kaulize kabla masika haijakujibu.