Pishi na Pikseli

Karafuu hazihesabiwi moja moja. Hapa Mgogoni, kama kwengineko Pemba, mchumaji hushuka mtini na pakacha lake, karafuu zikachambuliwa kutoka kwenye vikonyo, kisha zikapimwa kwa pishi, na malipo yake hufuata pishi. Pishi moja ni vibaba vinne. Ziwe nene au nyembamba, hakuna anayeuliza zimeingia ngapi. Kinachoangaliwa ni kipimo kimejaa.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu ami yangu aliyeko Muscat amletee babu kompyuta mpakato mpya, ile ya zamani ilipokufa. Zote mbili ni za inchi 15.6. Lakini ya zamani ilikuwa na pikseli 1366 kwa 768, kama milioni moja hivi. Mpya ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane kwenye kioo cha ukubwa uleule. Picha za harusi zilipofunguliwa, nyumba nzima ilisogea karibu. Babu alipofungua programu yake ya hesabu za shamba, alinyamaza.

Programu hiyo iliandikwa zamani kwa Java 8 na kijana mmoja ambaye sasa yuko bara. Alama zake, yaani ya kuingiza pishi, ya kulipa na ya kufuta, zina upana wa pikseli 16. Kwenye kioo cha zamani pikseli 16 zilikuwa milimita nne. Kwenye hiki kipya hazifiki hata milimita moja na nusu. Maandishi nayo yalisinyaa vivyo hivyo. Kijana yule alipima sawasawa kwa kioo kilichokuwepo. Ila alihesabu karafuu, hakutaja pishi.

Nyumbani dawa ilipatikana upesi: mjukuu mmoja awe anamsomea. Babu akakataa. Ameshika hesabu hizo tangu enzi za daftari, na wachumaji wanamwamini kwa sababu anayepima ndiye anayeandika.

"Nikishaanza kusomewa," aliniambia, "shamba litakuwa la anayesoma."

Halafu akanitazama mimi, niliyesomea mambo hayo.

Njia ya kwanza ilikuwa nyepesi. Programu kama ile huwa imeiambia Windows isiiguse, kwamba itajipima yenyewe; kwenye mipangilio ya faili unaweza kuitengua kauli hiyo na kuilazimisha Windows iikuze. Nikafanya hivyo. Kila kitu kikawa kikubwa, na kila kitu kikaingia ukungu, kwa sababu Windows huchukua dirisha lililochorwa dogo ikalivuta, kama mtu anayetaka picha ya pasipoti iwe ya ukutani. Tarakimu 3 na 8 zikafanana. Kwa mchumaji, tofauti ya 13 na 18 ni pishi tano, na pishi tano zina watoto wanaozisubiri nyumbani.

Njia ya pili ilikuwa kuiendesha programu kwa Java ya karibuni. Tangu Java 9, iliyotoka mwaka 2017, programu za Swing kwenye Windows huuliza kioo kimewekwa kwenye kiwango gani cha ukuzaji, hapa asilimia 250, kisha huchora herufi upya kwa kiwango hicho badala ya kuzivuta. Tarakimu zikasimama wima, safi. Alama ndizo zilizobaki na ukungu. Herufi ni maelezo ya mistari na mapindo, unaweza kuichora kwa ukubwa wowote. Zile alama ni picha za nukta, 16 kwa 16, jumla 256. Zikitakiwa nukta 1,600 kompyuta haina pa kuzitoa, hivyo hukisia.

Ikabidi zichorwe upya. Nilizichora kwa SVG, ambayo huhifadhi umbo kwa mistari, nikatoa humo picha za pikseli 16, 20, 24, 32, 40 na 48, nikazifungasha pamoja ili Java ichague inayokifaa kioo. Ile ya 16 haikukubali kupunguzwa tu. Mdomo wa pishi ulipotea, nikauchora kwa mkono nukta baada ya nukta. Alama ya kufuta niliisogeza mbali na ya kulipa. Hilo halikuhusu pikseli, lilihusu vidole vya mzee.

Kisha nikaazima rula ya skuli ya mdogo wangu, nikaiweka juu ya kioo: milimita tatu na nusu na ushei. Nikaipeleka programu kwa jirani mwenye kompyuta ya zamani: milimita nne. Kule pikseli 16, huku 40, na jicho likapata kilekile.

Msimu ulipoanza, mchumaji mmoja kijana alisimama kando ya jamvi akauliza amefikisha ngapi. Babu hakumwita mjukuu. Aliigeuza kompyuta ikamwelekea.

"Soma mwenyewe, mwanangu."

Kijana akainama kidogo tu. "Kumi na nane," akasema, akachukua pakacha lake akarudi mtini.