Thamani ya Msimamizi Mwema

Nyumba ikiisha kujengwa, watu husifu kuta na paa. Ni nadra mtu kusifu msingi. Katika kazi ya kuandika programu za kompyuta, ambayo ndiyo riziki yangu, msimamizi mwema ni msingi wa namna hiyo.

Wahandisi wengi wa programu hawapendi kusimamiwa, wala chuki yao si bure. Mwandishi wa programu hushika mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja, kama msusi wa ukili ashikavyo miyaa vidoleni. Akiitwa ghafla, miyaa huanguka, na kuipanga tena huchukua muda mrefu kuliko mwito wenyewe. Kwa hiyo humwona msimamizi kuwa ni mtu wa kuita tu, na hudhani kuwa asingekuwapo kazi ingekwenda mbio.

Dhana hii imekwisha kujaribiwa. Kampuni ya Google ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, iliwaondoa mameneja wa wahandisi wake kati ya 2001 na 2002. Jaribio lilidumu miezi michache tu. Wahandisi walimwendea Page mwenyewe kwa habari za gharama walizotumia na kwa magomvi ya wao kwa wao. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini chombo kisicho nahodha hata mmoja nacho hakifiki bandarini.

Mwaka 2009 kampuni hiyo hiyo ilianza uchunguzi wa kupima kama mameneja wana faida. Ilionekana kuwa wanayo, na sifa 8 za meneja mwema zilitajwa. Ya kwanza ilikuwa kuwafundisha na kuwalea watu katika kazi. Ya pili, kuwaamini bila kuwaingilia katika kila jambo dogo. Ujuzi wa ufundi ulikuwa wa 8. Ulikuwa wa mwisho, lakini haukuachwa, maana asiyeijua kazi hawezi kuitetea.

Frederick Brooks, aliyesimamia programu kubwa ya OS/360 katika kampuni ya IBM miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha 1975 kuwa kazi ya programu iliyochelewa, ikiongezewa watu, huzidi kuchelewa. Wageni hawana budi kufundishwa na wale wale walio kazini, na njia za mashauri huongezeka: watu 3 wana njia 3 baina yao, bali watu 10 wana njia 45.

Niliuona ukweli huo kwa macho yangu. Kazi yetu moja ilichelewa, na wakubwa wakataka kutuletea watu kumi. Msimamizi wetu, bibi wa maneno machache, alikataa. Aliomba sehemu mbili za kazi ziahirishwe, akaahidi kuwa zilizobaki zitakwisha kwa wakati. Kama zisingekwisha, lawama ingekuwa yake peke yake, na pengine cheo chake kingepotea. Kwetu alisema hivi tu: "Vijana, andikeni programu, kelele niachieni mimi." Tuliandika, na kazi ikaisha kwa siku iliyoahidiwa. Tulipopongezwa, yeye alikuwa amekaa nyuma kabisa, akipiga makofi pamoja na wengine.

Msomaji kijana, huenda kesho ukawa mhandisi, au ukawekwa juu ya wahandisi. Ukiwa mhandisi, usimpime msimamizi kwa wingi wa maneno yake, bali kwa utulivu unaoupata mezani pako. Ukiwa msimamizi, jua kuwa cheo hukupewa ili uonekane, bali ili wengine waweze. Sifa itawaendea wao. Wewe utabakiwa na furaha ya kuona kazi njema imekamilika, na hiyo si haba.